Gari la Spoti Lililotumika: Haiba Isiyomfilisi Mwenye Nalo

Meli zinazotoka Japani hushusha Dar es Salaam na Mombasa magari yaliyotumika mwaka mzima. Katikati ya misururu ya IST, Vitz, Fielder na Noah hujitokeza machache yenye umbo la kuinama na mngurumo wa peke yake: Impreza, Mark X, Swift Sport, Altezza iliyochelewa kufika, mara moja moja Roadster au 86. Wanaoyatamani ni wengi kuliko wanaoweza kuyatunza, na swali lao ni moja. Kwa fedha ya mtu wa kawaida, je, lipo gari lenye haiba ya spoti ambalo pia litakufikisha Dodoma na kukurudisha bila kuvutwa kwa kamba?

Lipo, kwa sharti ambalo wanunuzi wengi hulikwepa. Gari la spoti la kutegemewa katika nchi zetu ni lile ambalo ndugu zake wa kawaida wamejaa mtaani. Spea zake ziko Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, bila kusubiri mzigo kutoka ng'ambo, na fundi wako ameshaifungua injini ya namna hiyo mara nyingi. Sifa nyingine zote, ikiwemo jina, zifuate baadaye. Uchambuzi huu unaangalia haiba yenyewe hutoka wapi, sheria zinaruhusu nini, ni modeli zipi zinastahili fedha yako, na namna ya kulikagua gari lenyewe.

Haiba haipimwi kwa nguvu za farasi

Anayeota gari la spoti huanza na namba: nguvu za farasi ngapi, kutoka sifuri hadi mia kwa sekunde ngapi. Namba hizo zina maana uwanjani. Kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Morogoro, ambako kijiji baada ya kijiji kina kibao cha 50 na askari mwenye tochi, gari la farasi 300 hufuatana na Vitz. Kenya nako mwendo wa juu kabisa unaoruhusiwa hauzidi kilomita 110 kwa saa, na tuta lisilo na alama halijali injini yako ni ya aina gani.

Kinachobaki kumfurahisha dereva ni vile anavyovihisi kati ya kilomita 40 na 100 kwa saa: wepesi wa gari linapoingia kona, usukani unaomweleza tairi zimeshika kiasi gani, gia za mkono zinazoingia kwa mkato mfupi, injini inayopenda kupandishwa mizunguko. Mazda ililielewa hilo mapema. Roadster ya kwanza, ya mwaka 1989, ilitoka na injini ya lita 1.6 yenye farasi 120, lakini uzito wake ulikuwa chini ya tani moja. Mwaka 2016 Roadster ya milioni moja ilitoka kiwandani, na hadi leo hakuna gari la spoti la viti viwili lililouzwa zaidi duniani.

Toyota na Subaru walipoleta 86 na BRZ mwaka 2012 walifanya jambo lililowashangaza wengi. Waliyafunga magari hayo matairi ya Michelin ya aina ile ile iliyokuwa ikifungwa kwenye Prius. Walikusudia gari lianze kuteleza kidogo, kwa namna inayodhibitika, dereva akiwa bado katika mwendo wa wastani. Wahandisi wenye uwezo wa kuongeza mshiko na nguvu waliamua kupunguza, ili furaha ipatikane mapema.

Kwa mwenye bajeti ndogo, hilo ni jambo la kushukuru. Nguvu nyingi huja na turbo, rejeta kubwa, breki kubwa na klachi ya bei mbaya, na kila kimoja kina siku yake ya kuharibika. Gari jepesi hula mafuta kidogo, humaliza padi za breki polepole na huvaa matairi ya saizi za kawaida.

Sheria huchagua kabla yako

Kabla ya kuipenda modeli, angalia umri wake. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Mwaka 2025 mlango ulikuwa wazi kwa magari yaliyosajiliwa kuanzia 2018. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilipiga marufuku kuingiza gari lililozidi miaka 15 tangu kutengenezwa. Tanzania haina ukomo wa namna hiyo, ila gari lenye miaka 8 na zaidi hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, ambao kwa gari lililopita miaka 10 umekuwa asilimia 30. Jumlisha ushuru wa forodha wa asilimia 25, kisha VAT ya asilimia 18 inayopigwa juu ya vyote hivyo, na utaona kwamba gari kuukuu laweza kukugharimu karibu mara mbili ya bei yake ya kufikishwa bandarini. Tena hesabu haianzi lazima na risiti yako: TRA na KRA wana orodha zao za thamani za magari. Ingia kwenye kikokotoo cha kodi kwanza, ndipo uwasiliane na muuzaji wa Japani.

Sheria hizi zina matokeo ambayo mnunuzi anapaswa kuyafuata kimantiki. Altezza ya mwisho ilitengenezwa mwaka 2005, hivyo Kenya haiingii tena. Zilizopo Nairobi zimeishi humo miaka mingi, na historia yake iko kwa mafundi wa huko. Tanzania inaingia, lakini kodi ya uchakavu inafanya lile lililokwisha kusajiliwa, likiwa limetunzwa, kuwa ununuzi wa busara zaidi kuliko la kuagiza.

Kuna pia mshindani katika minada ya Japani ambaye wengi hawamhesabu. Marekani huruhusu gari lolote lililotimiza miaka 25 kuingizwa bila kutimiza masharti ya usalama ya nchi hiyo. Kila mwaka kundi jipya la magari ya Japani huingia katika ruhusa hiyo, na bei hupaa. Skyline GT-R ya R34, iliyotoka 1999, ilifikia umri huo mwaka 2024. Silvia na Supra zimekumbwa na mkumbo huo huo. Majina haya yafute kwenye orodha mapema, kwa kuwa sehemu kubwa ya bei yake ni sifa, na sifa haitengenezi gasketi iliyoungua.

Wagombea na tabia zao

Suzuki Swift Sport ndiyo jibu ambalo vijana wengi hulidharau kwa kuwa linafanana na gari la kupeleka watoto shule. Toleo la 2005 hadi 2010, na lililofuata hadi 2016, yalitumia injini ya M16A ya lita 1.6 isiyo na turbo, farasi 125 na baadaye 136, inayotumia cheni ya taiming badala ya mkanda. Injini hiyo haina siri kubwa kwa fundi anayeijua Suzuki, na vitu vingi vya bodi hupatikana kwa sababu Swift ya kawaida imejaa. Toleo lililoanza 2017 lilikuja na turbo ya lita 1.4, farasi 140, na uzito wa kilo 970 kwa lenye gia za mkono. Kwa Mkenya lina faida ya pili: kwa cc 1371 linabaki chini ya 1500, ambako ushuru wa bidhaa ni mdogo. Lina milango minne na buti, na mama mkwe anaweza kupanda bila kusaidiwa.

Altezza ilitoka mwaka 1998 na kuchaguliwa Gari la Mwaka la Japani. Ina milango minne, inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na dashibodi yake yenye mita zilizochorwa mfano wa saa ya mkononi bado inavutia. Ziko mbili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha hoja yangu. RS200 ina injini ya 3S-GE ya silinda nne, farasi 210 kwa ile ya gia za mkono. Ni tamu sana mizunguko ikipanda, lakini ndugu zake mtaani ni wachache na spea zake za ndani ni za kusaka. AS200 ina 1G-FE ya silinda sita yenye farasi 160, injini iliyomo pia kwenye GX 100 na GX 110 ambazo mafundi wa Dar wameshazoea kuzifungua na kuzifunga. RS200 ina haiba kubwa zaidi. AS200 itakuwa barabarani wakati mwenzake amepandishwa kwenye mawe akisubiri spea. Mwenye gari moja tu achukue AS200, na abadilishe mkanda wa taiming mara anaponunua, hata muuzaji akiapa kuwa ni mpya.

Kwa Mkenya, Subaru imebeba kumbukumbu ya Safari Rally. Colin McRae alishinda mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, wote kwa Impreza, na mashindano hayo yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 yalikuta mapenzi hayo yangalipo. Silinda zake zimelala ubavu, hivyo uzito uko chini, na magurudumu yote manne husukuma. Ule mlio unaojulikana mtaa mzima hutokana na mabomba ya ekzosi yenye urefu usiolingana kati ya pande mbili za injini. Baadhi ya STI za Japani za baadaye, zilizofungwa turbo ya njia mbili, zilisawazisha mabomba hayo na kuupoteza.

Tatizo la Subaru ya turbo huletwa zaidi na wamiliki wake wa awali. Injini ya EJ hairuhusu oili kupungua wala kuchelewa kubadilishwa: beringi za kranki hugonga, na injini inashushwa. EJ25 isiyo na turbo ina sifa mbaya ya kuvuja gasketi za silinda hedi, na ikichemsha mara moja kazi yake si ndogo, kwani hedi ni mbili na nafasi ya kufanyia kazi ni finyu. Kwa bajeti ya kawaida, Impreza au Forester ya EJ20 isiyo na turbo inatosha: inashika kona, inapita kwenye matope, na Forester ina kimo kinachovuka matuta bila kukwaruza. Ukishikilia turbo, nunua isiyochezewa, yenye kumbukumbu za oili kila kilomita 5,000 na mkanda wa taiming kila 100,000.

Roadster na 86 ndizo zenye haiba safi kuliko zote kwenye orodha hii. Roadster ya kizazi cha tatu, 2005 hadi 2015, ina injini ya lita 2.0 yenye cheni ambayo ni jamaa ya zile za Mazda nyingine za kawaida. Ya kizazi cha nne yenye paa la turubai inayouzwa Japani ina lita 1.5, cc 1496, hivyo nayo kwa Kenya iko chini ya mstari wa 1500. Kwa 86 na BRZ za 2012 na 2013, dai ushahidi wa kazi moja: mwaka 2018 magari mengi ya miaka hiyo yaliitwa kiwandani kubadilishiwa springi za valvu, kazi inayohitaji injini kufunguliwa. Jua pia kwamba yote haya yako chini sana na hayabebi familia. Mwenye gari jingine nyumbani ayachukue. Asiye nalo, atalaumiana na kila tuta na kila shangazi.

Mark X iko katikati ya spoti na heshima. Ina silinda sita, inasukumwa kwa nyuma, na ile ya lita 3.5 ilifika farasi 318. Karibu zote ni oto, na uzito wake unaondoa wepesi tulioutaja, lakini ina ndugu mwenye nguvu mtaani, Crown, inayoshiriki naye injini. Ya lita 2.5 hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo masizi hujikusanya kwenye valvu za kuingizia hewa, kwa kuwa petroli haipiti hapo kuzisafisha. Ikitetemeka ikiwa imesimama, au ikimisi asubuhi, uliza lini valvu zilisafishwa mara ya mwisho.

Mazda RX-8 ni onyo. Ina sura nzuri, milango minne ya ajabu, injini inayozunguka badala ya pistoni, na bei ya kushawishi. Injini hiyo hula oili kwa maumbile yake, sili za ncha za rota huisha, na kupima kompresheni yake kunahitaji kifaa maalumu ambacho gereji nyingi hazina. Bei yake ni ndogo kwa sababu wanaoijua wanaikimbia. Golf GTI na BMW za E46 ni magari mazuri kuliko sifa zake za mtaani, lakini BMW hiyo hutaka mfumo mzima wa kupoza injini, wenye vipande vingi vya plastiki, ubadilishwe kabla haujapasuka. Kama huna fundi wa magari ya Ulaya unayemwamini karibu, yaache.

Kusoma karatasi ya mnada

Gari linaloagizwa Japani huwa na karatasi ya mnada, na muuzaji anayekataa kukuonyesha ana sababu. Daraja la 4 au 4.5 ni gari zuri la kawaida; 3.5 lina makovu yake; R au RA maana yake limepata ajali na kutengenezwa. Kwa gari la spoti, R ni ya kukimbia, kwa sababu anayeligonga gari la namna hiyo mara nyingi huwa alikuwa analikimbiza. Angalia pia mchoro wa bodi: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni paneli iliyobadilishwa, S ni kutu. Kutu ipewe uzito, kwani mikoa ya kaskazini kama Hokkaido humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji.

Kilomita nazo zina njia ya kuzihakiki. Japani gari hukaguliwa kwa sheria baada ya miaka mitatu ya kwanza na kisha kila miaka miwili, na cheti cha kulisafirisha nje huonyesha kilomita zilizosomwa ukaguzini. Linganisha namba hizo na za kwenye dashibodi. Ukaguzi unaofanywa kabla ya gari kupakiwa melini huthibitisha kwamba gari linafaa barabarani. Hauapi kwamba injini itadumu.

Kulikagua lililoko hapa

Gari lililokwisha kutumika nchini huhitaji macho makali zaidi. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Injini ya baridi husema kweli: moshi wa bluu ni oili inayoungua, moshi mweupe usioisha ni maji yanayoingia kwenye silinda. Fungua kifuniko cha oili. Ikiwa imegeuka rangi ya maziwa, ondoka. Tazama maji ya rejeta: yakiwa ya bomba yenye kutu badala ya kulanti, injini hiyo imekuwa ikiliwa kwa ndani. Kama mshale wa joto unachelewa mno kupanda, huenda fundi aling'oa thamostati ili kuficha kwamba gari linachemsha.

Endesha. Gia ya pili ikikwaruza injini ikiwa ya baridi, sinkronaiza zimechoka. Ukiwa gia ya tatu ukikanyaga mafuta, mizunguko ikapanda na mwendo usipande, klachi imekwisha. Washa swichi kabla ya kupiga stata: taa ya airbag iwake kisha izime, isipowaka kabisa, kuna aliyeitoa ili usione. Lipime kwa mashine ya kusoma kompyuta, na ujue kwamba kumbukumbu ya hitilafu inaweza kuwa ilifutwa jana. Linganisha namba ya injini na iliyoandikwa kwenye kadi ya gari au logbook, maana kubadilisha injini ni jambo la kawaida kwa magari haya.

Halafu kuna mapambo. Springi zilizokatwa ili gari liinamie, ekzosi iliyotobolewa, rimu pana, taa za rangi, turbo iliyoongezwa presha bila kurekebishwa kwa kompyuta: kila kimoja ni taarifa kuhusu aliyelimiliki. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani, lenye matairi manne yanayofanana na risiti zilizotunzwa kwenye bahasha, lina thamani kuliko lenye picha elfu mtandaoni.

Hesabu ya mfukoni

Kosa kubwa kuliko yote ni kuzimalizia fedha kwenye bei ya kununulia. Mwenye shilingi milioni 20 za Tanzania atafute gari la milioni 14 au 15. Zilizobaki zina kazi tayari: mkanda wa taiming na pampu ya maji pale unapohusika, oili ya injini, ya gia na ya difu, kulanti, plagi, padi, bushi, shokapu, matairi, kubadilisha umiliki na bima. Kwa gari linalotamanika namna hii, bima kubwa si anasa.

Weka pia petroli kwenye hesabu. Mengi ya magari haya yalitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, inayouzwa kwa oktani karibu 100, kiwango ambacho pampu zetu nyingi hazikifikii. Injini isiyo na turbo itapunguza nguvu kidogo na kuendelea na safari. Ya turbo iliyoongezwa presha inaweza kugonga hadi pistoni ivunjike. Nunua daraja la juu linalopatikana, kwenye kituo chenye wateja wengi.

Hukumu

Kwa anayeagiza, hasa Kenya, Swift Sport ya turbo iliyo ndani ya umri unaoruhusiwa ndiyo chaguo la kwanza: nyepesi, changa, ya kodi nafuu, na inayobeba familia. Kwa anayenunua la ndani Tanzania, Altezza AS200 iliyotunzwa inampa magurudumu ya nyuma na silinda sita kwa injini ambayo kila gereji inaijua. Anayehitaji kupita matope achukue Subaru isiyo na turbo. Mwenye gari la pili nyumbani na moyo wa kuendesha achukue Roadster, na hatalijutia.

Lolote utakalochagua, mtafute fundi kabla ya gari. Nenda kwenye gereji inayohudumia modeli hiyo, uliza ni nini huharibika na spea yake ni shilingi ngapi, kisha umlipe fundi huyo aende nawe kulikagua. Muuzaji akikataa gari lake lisikaguliwe na fundi wako, usimwachie hata shilingi ya kishika uchumba.